Jinsi Dawa Yangu ya Maua Ilivyouhamisha Mtaa

Heri niseme lililo baya mwanzoni, ili ukinionea huruma baadaye iwe kwa hiari yako mwenyewe. Jumamosi moja ya mwezi wa nane mwaka jana, kabla ya saa tano asubuhi, watu arobaini na kitu wa mtaa wetu wa Hodge Hill walitolewa majumbani mwao kwa sababu ya jambo nililolifanya mimi, na aliyewatoa, akigonga mlango baada ya mlango na koti la manjano linalong'aa mgongoni, akiwaambia watulie na wasisahau dawa zao za presha, alikuwa mimi huyo huyo. Na nilijua. Hapo ndipo panaponiuma. Ningekuwa sijui ningeitwa mjinga, basi, yakaisha.

Jina langu Yusuf, Msomali wa Nakuru, nimezaliwa na kukulia juu ya duka la vitambaa la baba yangu, halafu miaka tisa Uholanzi, halafu hapa Birmingham, ambako natengeneza vitanda vya hospitali, vile vinavyopanda na kushuka kwa kitufe. Shamba mimi nililiona kupitia dirisha la gari tukienda kusalimia watu. Lakini ukiwa Mwafrika katika mtaa wenye bustani kuna wazungu wenye roho nzuri kabisa wanaoamini kwamba ulizaliwa na jembe mkononi, na mimi badala ya kuwasahihisha nilianza kuona raha. Mwaka wa kwanza Pauline, mwenyekiti wa kamati ya bustani za mtaa (mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke anayeandika kila kitu kwenye daftari, hata ukipiga chafya), aliniita nimwangalie nyanya zake zilizonyauka. Nikaziangalia, nikagusa udongo, nikanusa vidole vyangu kwa muda mrefu kidogo, nikasema punguza maji. Zikapona. Tangu siku hiyo nikawa mtaalamu, na mke wangu Sahra, ambaye anajua kwamba nimewahi kuua hata mnanaa wa kwenye kopo, akawa akinitazama tu nikiwapa majirani ushauri juu ya uzio.

Sasa, jirani yetu wa mkono wa kulia ni Mama Jaspal. Ni Singasinga wa Kisumu, umri wake unakaribia miaka themanini, na Kiswahili chake ni kile cha sokoni Kisumu, kimenyooka, hakina haya. Mumewe alikuwa fundi seremala, na alipostaafu akaacha mbao akashika maua, akajaza bustani yote ya nyuma dalia: nyekundu za giza kama damu ya ng'ombe, za njano, za zambarau, moja nyeupe kubwa kama sahani ya pilau. Mzee alifariki mwaka juzi kiangazi kikiisha. Mama Jaspal akazichukua zile dalia kama mtu anayechukua watoto wa ndugu yake, bila maneno mengi, na mtaa mzima ulikuwa ukingojea Jumamosi ile ya mwezi wa nane, siku ya bustani wazi, ambapo kila mwenye bustani hufungua lango lake na watu hupita kutazama wakila keki.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo alipangiwa upasuaji wa nyonga, na kutoka hospitali angeenda kwa binti yake Leicester mpaka aweze kutembea. Akaniita kwenye bustani.

"Yusuf, hii maua si ya mchezo," akasema. "Wewe unajua hii kazi?"

Sasa hapo ndipo ningesema hapana. Ingenichukua pumzi moja. Nikasema, "Najua, Mama."

Akanionyesha hata hivyo, kwa sababu yeye si mtu wa kuchukua neno la mtu hivi hivi. Adui wa dalia, akaniambia, ni mdudu mwembamba wa kahawia mwenye koleo mkiani (mimi nilimwita mdudu-koleo, sijui jina lake kwa lugha yoyote), ambaye giza likiingia hupanda akatafuna petali, na kukicha hutafuta mahali pakavu pa kujificha. Kwa hiyo kwenye kila kijiti kinachoshikilia dalia mzee alikuwa amefunika chungu kidogo cha maua, kichwa chini, ndani kimejazwa nyasi kavu. Wadudu hudhani ni hoteli. Kazi ni kuamka mapema, kushusha vyungu vyote ishirini na sita, kuvikung'utia kwenye ndoo ya maji ya sabuni, kujaza nyasi tena, kurudisha. Halafu unapita jani kwa jani kutafuta viwavi na kuwatoa kwa mkono.

"Na dawa?" nikauliza, kwa sauti ya mtaalamu.

"Hakuna dawa. Mzee wangu hajawahi weka dawa. Nyuki wanakuja hapa, ndege wanakuja hapa. Ni mkono tu, kila siku."

Nikaifanya kazi hiyo siku saba, na sitaki uchukulie siku saba kuwa kitu kidogo. Zamu yangu hospitalini huanza saa moja, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri nilikuwa tayari nimepiga magoti kwenye umande nakung'uta vyungu, na wale wadudu si wote waliokubali kuingia kwenye ndoo, wengine walipanda mkono wa shati. Siku ya saba nilikuwa wodini nimelala chali chini ya kitanda nikikaza skrubu, nesi mkuu amesimama juu yangu akinieleza kitufe kipi hakifanyi kazi, nikaona macho yake yanaacha kitanda na kuja kwenye shingo yangu, na hapo mdudu-koleo mmoja, mnene, akatoka kwenye kola, akasimama kidogo kama anayesoma mazingira, akashuka kifuani. Wodi ile ilisafishwa upya yote. Mimi nilipelekwa kuoga na kupewa nguo za wagonjwa mpaka zamu ikaisha.

Nikarudi nyumbani nimekasirika, na hasira yangu badala ya kunielekea mimi ambaye sikufunga vifungo ikaelekea kwenye vyungu. Nikajiambia, huu si utaratibu wa mtu mwenye akili. Nikatafuta kwenye simu, nikampata bwana mmoja, sijui wa wapi, mwenye sauti tulivu na bustani safi, akieleza dawa ya asili isiyodhuru mtu: majani ya mwarobaini, kitunguu saumu, pilipili na sabuni kidogo, unaloweka usiku mmoja, unachuja, unaongeza maji mara kumi, unanyunyiza jioni jua likipoa. Moyo wangu ukapanda. Mwarobaini. Mama yangu alituchemshia mwarobaini kwa kila homa iliyopita Nakuru, uchungu wake ninao kwenye ulimi mpaka leo, na nikaona kama kwamba hatimaye utaalamu wangu umepata asili.

Nikaenda Balsall Heath, kwenye duka ambako majani makavu ya mwarobaini yanauzwa kwa mifuko, nikachukua mifuko minne. Nikachukua kitunguu saumu kilo sita. Nikachukua pilipili zile ndogo zenye hasira. Muuzaji akaniuliza kama ni harusi, nikasema ni kilimo.

Na sasa sikiliza jinsi akili yangu ilivyofanya kazi. Bwana wa kwenye simu alisema usiku mmoja. Mimi nikafikiri: kama usiku mmoja unatosha kuua wadudu wa kawaida, siku kumi na mbili zitafanya nini? Nikasaga kila kitu, nikakimimina kwenye pipa la plastiki la lita hamsini, nikajaza maji, nikafunga kifuniko, nikaliweka kwenye kibanda changu cha nyuma ambacho jua la mchana hukigeuza tanuri. Halafu nikaviondoa vyungu vyote ishirini na sita vya mzee, nikavipanga vizuri ukutani, nikarudi kulala mpaka saa kumi na mbili kama watu wengine.

Siku ya tano ya kuloweka Sahra akasema kuna kitu kimekufa nyuma ya nyumba. Nikamwambia ni mbolea. Siku ya nane akaacha kuanika nguo nje. Mimi pua yangu ilikuwa imeshazoea, kila jioni nilikuwa nafungua kifuniko, nakoroga, povu linapanda, nafunga, na nilikuwa nikisimama pale na kijiti mkononi kama mtu aliyegundua kitu.

Kwa Mama Jaspal nilikuwa nachungulia juu ya uzio tu, kutoka mbali, na kutoka mbali dalia zilikuwa za kupendeza. Ijumaa jioni, siku moja kabla ya bustani wazi, nikaingia nizione kwa karibu. Petali zilikuwa kama lesi. Ile nyeupe ya sahani ya pilau ilikuwa imebaki mifupa. Kwenye moja ya zambarau nilihesabu wadudu-koleo tisa wamekaa katikati ya ua kwa starehe, familia nzima, wala hawakukimbia.

Sikulala vizuri. Asubuhi saa mbili na nusu nikajitwika pampu ya mgongoni, nikachota kutoka kwenye pipa, na (hapa Sahra huwa ananikatiza akisema niseme polepole ili watu wasikie) sikuongeza maji. Mara kumi, alisema yule bwana. Nikaona hakuna wakati wa kulainisha mambo. Nikanyunyiza dalia zote, juu na chini, mpaka zikadondosha, na jua la mwezi wa nane likiwa tayari limeamka. Ilipofika saa tatu na robo nilikuwa nimemaliza, na kwenye pipa zilikuwa zimebaki kama lita thelathini za uji wa kijani kibichi. Ningeweza kuzifunika tena. Lakini nikawaza wageni watapita hapa, wataona, wataniuliza, basi nikafungua kifuniko cha mtaro ulio kwenye ujia kati ya nyumba yetu na ya Mama Jaspal, nikamimina zote, nikasukuma kwa ndoo mbili za maji. Nikaoga. Nikavaa koti la manjano ambalo Pauline alikuwa amenipa, kwa sababu siku hiyo mimi ndiye nilikuwa wa kuelekeza magari.

Mtaro ule ni wa nyumba zote za upande wetu. Mimi sikuwa nimewahi kufikiria mitaro huenda wapi.

Saa nne hivi meza zilikuwa zimetandikwa, keki zimefunikwa kwa vitambaa vya wavu, Sahra jikoni anakaanga sambusa, na mimi barabarani nikipunga mkono. Akaja Dieudonné, Mkongo wa nyumba ya pili kutoka kona, anafanya kazi kwenye ghala kubwa la mizigo, mtu wa utaratibu sana. Alikuwa amefunika pua kwa kiwiko.

"Mon frère, ndugu yangu, unasikia hii harufu?" akasema. "Hii ni gaz. Kule kwa kazi walitufundisha, ukisikia kama kitunguu imeoza, unatoka, haubishane. Iko inatoka ndani ya choo yangu. Ndani ya sinki pia."

Nikavuta hewa. Pua zangu zilizokufa kwa siku kumi na mbili zikafufuka zote mbili kwa pamoja, nikajua. Ilikuwa kama kukutana njiani na mtu anayekudai. Kabla sijafungua mdomo Pauline akaja mbio na daftari, uso umemwiva, akasema na kwake pia, na kwa jirani yake pia, akanigeukia mimi kama mtu mwenye koti, akaniuliza kwa Kiingereza cha mwalimu mkuu: Yusuf, wewe unaonaje, ni gesi?

Hapa, kwa mara ya pili, pumzi moja ingetosha kusema ukweli. Nikasema, ndiyo, inaelekea ni gesi.

Akapiga simu. Watu wa gesi wakamwambia watu wazime majiko, wasiwashe taa wala kiberiti, wafungue madirisha, watoke. Na nani ana koti la manjano? Nikagonga milango kumi na tisa. Nilimtoa mzee mmoja akiwa na joho la kuogea na kobe wake kifuani. Nilimtoa mama mmoja mwenye nywele zilizopakwa rangi na kufungwa kwa mfuko wa plastiki, akinieleza kwamba anatakiwa kuziosha baada ya dakika ishirini, nami nikamwambia, kwa upole wa kiongozi, usalama kwanza. Niliwasindikiza wote mpaka kwenye uwanja wa nyasi mwisho wa mtaa, na watu wakaanza kunishukuru, unaelewa, wakanishika mkono, mmoja akasema afadhali mtaa una mtu kama Yusuf, nami nikazipokea zote.

Sahra alifika wa mwisho, amebeba sinia la sambusa ambazo hazijaiva. Akasimama karibu yangu akitazama mbele.

"Yusuf. Lile pipa liko wapi?"

"Kwenye kibanda."

"Lina nini ndani?"

Nikafunga zipu ya koti. Akasema, "Basi sema."

"Nitasema baadaye, wakishatulia."

"Wametulia," akasema Sahra. Na ni kweli walikuwa wametulia, wamekaa kwenye nyasi wakigawana keki.

Binti yetu Ilham, ambaye Kiswahili chote anakielewa na hajibu hata neno, alikuwa amesikia kila kitu. Akanitazama, akatazama koti, akainua simu yake taratibu na kuanza kurekodi. Kufikia saa tisa alasiri shangazi yangu wa Nakuru alikuwa ameshapiga kuuliza kama nimekamatwa.

Fundi wa gesi akafika, mwanamke kijana mwenye kipimo cha kushika mkononi, akapita nyumba baada ya nyumba, akarudi amekunja uso. Kipimo kinasema hakuna kitu, lakini harufu ipo, na yeye hawezi kupuuza harufu kama ile. Akaanza kuzungumza na simu ya kazini. Na wakati huo huo likakunja kona gari dogo la bluu, na mimi, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yangu, nikalisimamisha kwa mkono.

Ndani alikuwa binti wa Mama Jaspal kwenye usukani, na pembeni yake Mama Jaspal mwenyewe, shali ya hariri begani, fimbo mpya ya kutembelea mapajani. Akashusha kioo.

"Yusuf, umekuwa polisi lini?"

"Kuna harufu ya gesi, Mama. Tumetoa watu."

Akavuta hewa mara moja, polepole, macho amefumba, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Hii si gesi," akasema. "Hii ni mwarobaini na kitunguu saumu. Bibi yangu alikuwa anaweka mwarobaini kwa gunia ya mchele, Kisumu. Lakini hakuozesha. Nani ameozesha mwarobaini hapa?"

Binti yake haelewi Kiswahili, Pauline haelewi, fundi haelewi. Nikapumua. Halafu nikahisi mtu nyuma ya bega langu.

"Mon frère," akasema Dieudonné, kwa sauti ya chini kabisa, "mama anaongea Kiswahili muzuri. Nimesikia yote."

Nikamwambia anipe dakika mbili.

"Ule dada wa gaz anasema watafunga gaz ya mtaa yote mpaka lundi, Jumatatu, walete mashine wachimbe barabara. Mimi niko na watoto wane. Dakika moja nakupa, haiko mbili."

Nilitembea kutoka kwenye lile gari mpaka kwa fundi, hatua labda thelathini, na nakuhakikishia sijawahi kutembea mbali zaidi. Nikamwambia hakuna gesi. Akasema ndiyo, hata kipimo kinasema hivyo, lakini harufu ipo. Nikasema, harufu ni yangu.

Watu wawili waliokuwa karibu wakarudi nyuma hatua moja, na ndipo nikaelewa jinsi nilivyoeleweka, nikaanza kueleza: dawa ya maua, ya asili, isiyodhuru, siku kumi na mbili, pipa, mtaro. Fundi akaniuliza kitunguu saumu kiasi gani. Nikasema kilo sita. Akarudia: kilo sita. Pauline akaandika. Akaniuliza, bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, nilijua tangu saa ngapi, nami nikasema tangu saa nne, akaliandika na hilo. Mama wa rangi ya nywele akafungua ule mfuko wa plastiki. Nywele zilikuwa za rangi ya chungwa lililoiva vizuri. Yule mzee wa kobe alicheka mpaka akalazimika kukaa chini, na ninamshukuru mpaka leo kwa sababu wengine wakaanza kucheka pia, ingawa si wote.

Mama Jaspal hakucheka. Alikuwa ameshuka kwenye gari, akaja na fimbo yake mpaka nilipo, akasema twende.

Tukaingia kwenye bustani yake, yeye mbele, mimi nyuma. Kwa saa mbili na zaidi jua lilikuwa limepika ile sabuni na pilipili juu ya majani. Dalia zilikuwa zimeungua. Majani yamejikunja na kuwa ya kahawia kama tumbaku, machipukizi meusi, petali chache zilizobaki zimelegea kama vitambaa vilivyolowa. Na kwenye ua moja jekundu, katikati kabisa, mdudu-koleo alikuwa akijisafisha koleo lake, mzima wa afya. Wengine walikuwa wamejificha kwenye mikunjo ya majani yaliyoungua, ambayo kumbe ni makavu na yanawafaa.

Alitazama ukutani, akaviona vyungu vimepangwa.

"Ulitoa siku gani?"

"Siku ya saba, Mama."

"Kwa nini?"

Nikasema, "Nilichoka kuamka."

Akakaa kwenye benchi aliyoitengeneza mumewe, polepole kwa sababu ya nyonga. Halafu akasema kwamba yale maua hayakuwa ya watu wa keki. Kesho yake, Jumapili, walikuwa wanafanya kisomo cha mwaka cha mzee kule kwenye hekalu lao, na alikuwa amewaambia watu wote kwamba safari hii maua yatakuwa ya mkono wake. Alikuwa ameomba daktari amruhusu siku tatu mapema kwa ajili hiyo.

"Mizizi iko chini, haijakufa," akasema. "Mwaka ujao itatoka. Lakini mwaka ujao si kesho."

Nilitamani anitukane. Kuna Wasomali na kuna Wahindi wanaojua kutukana kwa Kiswahili vizuri, na yeye ni mmoja wao, nimemsikia akizungumza na mafundi wa paa. Hakunitukana.

Nikarudi nyumbani, nikachukua beseni kubwa la Sahra la kukandia unga, na mchana ule, bila koti, nikapita milango ile ile kumi na tisa. Nilikuwa na maneno mawili: la kwanza samahani, la pili naomba ua moja kwa ajili ya Mama Jaspal. Dieudonné alinipa waridi tatu na kunishikilia mlangoni robo saa akinieleza taratibu za usalama za ghala lao. Mzee wa kobe alinipa alizeti na kuniomba nimweleze tena lile la "harufu ni yangu". Pauline alikata ua lake bora la bluu, akalifunga bua kwa karatasi iliyolowa, akasema Kamati itakaa Jumatano. Yule mama wa nywele alinifungia mlango. Nikasimama. Nilipogeuka kuondoka mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka na shada zima la maua meupe, ukaingia ndani tena.

Jumapili nilibeba beseni lililojaa mpaka ndani ya hekalu, viatu nimevua, leso kichwani. Maua hayakulingana kwa rangi wala kwa urefu, mengine yalikuwa ya dukani, nadhani mtu aliona haya kunirudisha mikono mitupu. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka kitunguu saumu (ilinuka kwa wiki nzima, nesi mkuu alinihamishia kwenye vitanda vya ghalani), na watu waliokaa karibu nami wakanipa nafasi ya kutosha. Mama Jaspal alipanga yale maua mwenyewe mbele ya picha ya mzee, moja moja, akiuliza hili la nani, hili la nani, na mimi nikimjibu. Alipofika kwenye yale meupe akauliza, nikamwambia ni ya yule mama wa nywele. Hapo ndipo mdomo wake ulipocheza kidogo.

Sasa, niseme nilichojifunza, ingawa si kitu cha kutundika ukutani. Njia ya mzee ilikuwa ya asili na dawa yangu ilikuwa ya asili, vyote vilitoka ardhini, kwa hiyo tofauti haikuwa kwenye viungo. Mimi nilitaka wadudu wafe bila mimi kuwashika. Nilitaka pia nisifiwe, na nilipokosea nilitaka gesi ilaumiwe badala yangu, na nilisimama saa nzima nikipokea shukrani za watu niliowafukuza kwao. Hilo la mwisho Sahra hanisamehei, na ana haki.

Masika hii Mama Jaspal alichimbua mizizi yake, akaigawa, akaniletea mmoja kwenye gazeti, mbaya, umejikunja kama kiazi kilichosahaulika, akasema, "Hii ni yako. Ikikufa, ikufie wewe." Nimeupanda. Kwa sasa una maua mawili, na kila alfajiri nashusha chungu changu kimoja, nakung'uta kwenye ndoo, nafunga kola mpaka juu, na yeye huwa dirishani na kikombe cha chai akihesabu. Nimeapa kwa Sahra, mbele ya Ilham aliyerekodi kiapo chenyewe, kwamba sitaloweka kitu chochote kwa zaidi ya usiku mmoja katika nyumba hii, hata maharage.